Nilijenga injini miezi 14, gemu hata moja sina: safari ya programa kuingia kwenye magemu (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda, leo na mimi nimeona nilete changu. Kila baada ya wiki mbili anaingia kijana anauliza, "Najua kuandika programu kidogo, nataka kutengeneza magemu, nianzie wapi?" Majibu huwa yale yale: jifunze lugha ya C++, jifunze hesabu, tafuta kozi. Mimi nilifuata ushauri huo wote na ndio ulionichelewesha. Ntashusha kwa vipande. Maswali ulizeni tu katikati, sina haraka.

Nina miaka 25. Nilianza kuandika kodi (nikisema kodi humu simaanishi ile ya kulipa) nikiwa na miaka 17, na nilipofika 21 nilikuwa nimeajiriwa kutengeneza mifumo ya ofisini: stoo, ankara, ripoti za mauzo. Kazi safi, bosi hana neno. Ila magemu nimekua nayo, na kila nikimaliza ripoti nyingine ya bidhaa zilizopitwa na muda nilikuwa najiambia kodi ni kodi, anayeweza hii ataweza na ile.

Basi nikaanza kama programa mwenye adabu zake. Nikasema kabla ya gemu lazima kuwe na msingi. Nikaanza kuandika injini yangu mwenyewe kwa C++, yaani ile programu ya chini inayobeba na kuendesha gemu. Sehemu ya kusoma picha. Sehemu ya sauti. Sehemu ya kusimamia kumbukumbu. Sehemu ya kupeleka ujumbe kati ya vitu vilivyomo ndani ya gemu, ambavyo vyenyewe havikuwepo. Mpangilio wa mafaili niliubadilisha mara nne. Nikaandika hadi majaribio yanayojiendesha yenyewe, yote yanapita, kijani tupu. Miezi 14 ya kulala saa nane za usiku.

Mdogo wangu wa kike akaniuliza, kaka, unafanya nini kila usiku? Nikamwambia natengeneza gemu. Akasema nionyeshe. Nikafungua. Kwenye skrini kulikuwa na mraba mwekundu unaozunguka taratibu. Akaangalia, akangoja, akaniangalia mimi, akauliza, "Sasa hapa nabonyeza nini?"

Hakukuwa na cha kubonyeza.

#2 Kibodi Mbovu

Nimeweka mkeka hapa, sitoki. Hiyo "nabonyeza nini" imenichoma mimi kuliko wewe, nina folda ya aina hiyo hiyo tangu mwaka juzi na hata mraba wangu hauzunguki.

#3 Fundi wa Zamani

Mdogo wangu, uzi mzuri lakini usije ukawapotosha wenzio. Kujenga injini si dhambi. Waliotengeneza gemu la Doom mwaka 1993 waliandika injini yao wenyewe, na kodi ilipowekwa hadharani mwaka 1997 sisi tuliisoma mstari kwa mstari kama msahafu. Ukimwambia kila kijana achukue injini iliyokwisha tengenezwa, utaishia na watu wanaobonyeza bonyeza bila kujua mashine inafanya nini.

#4 Mleta uzi

Shikamoo kaka. Hoja naipokea, ila nusu. Wale wa Doom walikuwa na gemu kichwani na hakukuwa na kitu cha kulibeba, gemu ndilo lililoidai injini. Mimi nilikuwa na injini inayotafuta gemu la kuhudumia. Nilijenga bandari bila kuuliza kama kuna bahari.

Tuendelee. Baada ya ile aibu nilifunga folda yote, nikafungua faili moja tupu la JavaScript na kivinjari, nikaamua nitengeneze Pong. Vibao viwili, mpira, alama, basi. Kuna watu wanaona ni utoto, lakini Pong yenyewe ya mwaka 1972 ilianza kama zoezi. Nolan Bushnell wa kampuni ya Atari alimpa mhandisi mgeni, Allan Alcorn, ili mkono wake uizoee kazi. Kama lilikuwa zoezi la mhandisi wa kuajiriwa, mimi nani nilione dogo?

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Mpira ulidunda baada ya saa mbili. Gemu lilikwisha baada ya siku tisa, na nilichojifunza siku hizo tisa sikukipata kwenye miezi 14.

Cha kwanza kilichonipiga ni muda. Mfumo wa ofisini unakaa ukimsubiri mtu abonyeze kitu. Gemu halimsubiri mtu. Kuna mzunguko mmoja usiokoma: soma vitufe, sogeza vitu, chora, rudia. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazochorwa moja baada ya nyingine, kila mzunguko una milisekunde 16.7, na kila kitu kiwe kimekwisha ndani ya hizo. Mimi niliandika mpira usogee pikseli 5 kila fremu. Kwenye leptopu yangu ukaenda vizuri kabisa. Rafiki yangu mwenye skrini ya fremu 144 kwa sekunde akafungua, akaniambia hauoni mpira, anaona alama zikibadilika tu.

Tatizo hili ni la kizee. Space Invaders ya mwaka 1978 inaanza na maadui 55 na mashine yake ilikuwa inahema kuwachora wote. Kadiri unavyowaua, kazi inapungua, waliobaki wanaongeza mwendo. Tomohiro Nishikado aliyelitengeneza aliliona hilo, akaliacha makusudi kwa sababu lilinogesha mchezo. Wewe usitegemee bahati ya namna hiyo. Dawa ni delta taimu: unapima ni sekunde ngapi zimepita tangu fremu iliyotangulia, unazidisha kwa kasi. Badala ya pikseli 5 kwa fremu unasema pikseli 300 kwa sekunde, na kila mashine inapiga hesabu yake.

Nikashangilia. Kesho yake mpira ukaanza kupita katikati ya kibao kama jini.

Hii ilinikalisha siku mbili nzima. Nilikuwa nauongezea mpira kasi kila ukipigwa, na ukifika pikseli 1,500 kwa sekunde, kwa fremu 60 unaruka pikseli 25 kila hatua. Kibao changu kilikuwa na unene wa pikseli 10, mpira 8. Fremu hii mpira uko mbele ya kibao, inayofuata uko nyuma yake, na hakuna fremu hata moja ambayo kompyuta iliwakuta wamegusana. Ukiiuliza itakuapia kwamba hakuna kilichopita. Nikaja kujua kuna njia mbili: ama unaigawa safari ya mpira vipande vidogo vya muda usiobadilika, ama unachunguza mstari mzima mpira ulioupita badala ya mahali ulipofika tu. Nilichagua ya kwanza.

Kaka Fundi, unaona? Mashine nimeijua. Ila nimeijua nikiwa na kitu cha kubonyeza.

#5 Kibodi Mbovu

Tiririka mkuu. Swali la wengi: injini gani, lugha gani? Huku kuna vita, kila mtu na kabila lake.

#6 Mleta uzi

Ntajibu haraka maana mjadala huu huwa unakula nyuzi za watu.

Baada ya Pong na gemu la nyoka kwa JavaScript tupu, nilihamia injini ya Godot. Ni ya bure, kodi yake iko wazi tangu 2014, leseni yake haikudai malipo yoyote hata gemu likiuza, na programu nzima ni ndogo, leptopu yangu ya wakati ule ilikuwa haiwezi kufungua kitu kizito. Lugha yake ya GDScript aliyewahi kugusa Python ataielewa wikiendi moja. Unity inatumia C# na matangazo mengi ya ajira niliyoyakuta yalikuwa yanaitaja. Unreal ni C++ pamoja na ile njia yao ya kuunganisha visanduku kwa nyaya, na kama ndoto yako ni magemu makubwa yenye mwanga wa kutisha, nenda huko.

Angalizo moja tu. Septemba 2023 Unity walitangaza watatoza ada kwa kila gemu linapopakuliwa na kusakinishwa kwenye kifaa. Watengenezaji wakawaka, kampuni ikalegeza masharti ndani ya siku kumi, bosi mkuu akaondoka Oktoba, na mwaka uliofuata ada ikafutwa kabisa. Watu waliokuwa na miaka mitano ndani ya mradi mmoja hawakulala wiki hiyo. Kwa hiyo jifunze injini, lakini kinachohamishika, yaani mzunguko, muda, mgongano, hali za mhusika, kijue nje ya injini. Hapo nakubaliana na kaka Fundi kwa asilimia mia.

#7 Pikseli Moja Moja

Mimi ni mchoraji, naingia kidogo. Kaka mleta uzi, maprograma wengi mnanifuata mkisema "gemu limekamilika bado picha tu." Halijakamilika! Lakini pia kuna wanaokaa mwaka mzima hawaanzi kwa sababu hawajui kuchora. Wewe ulitokaje hapo?

#8 Mleta uzi

Dada, kwa miraba. Gemu langu la tatu zima lilikuwa miraba: wa bluu ndiye mhusika, wekundu ni maadui, wa kijivu ni ukuta. Alexey Pajitnov alipotengeneza Tetris mwaka 1984, kompyuta yake ya Elektronika 60 haikuwa na picha kabisa, ilikuwa inaonyesha maandishi tu, akaunda vile vipande kwa alama za mabano. Mabano, dada! Na gemu likateka dunia. Mraba wa bluu ukiwa hauna utamu, kuuvalisha kofia hakutauokoa.

Ila kuna kitu sikukijua na nitakikiri kwako: rangi na sauti vinabadilisha hata kodi unavyoihisi. Nilipoweka mlio mfupi wa "tak" mhusika anapotua, watu wawili waliojaribu waliniambia nimerekebisha mwendo wake. Sikuwa nimegusa mwendo.

Sasa nije kwenye kuruka, maana hapa ndipo nilipoacha kuwa mtu wa ankara.

Gemu hilo la tatu lilikuwa la kuruka kutoka jukwaa hadi jukwaa. Mvutano nikaweka kama fizikia ya shule inavyosema, kasi ya kuruka nikabahatisha. Mhusika akawa anaelea kama mfuko wa plastiki. Nikabahatisha tena, akawa tofali. Wiki nzima nabadilisha namba mbili kama anayetafuta stesheni ya redio. Mwisho nikageuza swali. Badala ya kuuliza mvutano uwe ngapi, niliuliza nataka aruke juu kiasi gani na achukue muda gani kufika kileleni. Nikataka pikseli 96, kwa sekunde 0.4. Mvutano ni mara mbili ya kimo ukigawa kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe: 192 kwa 0.16, unapata 1,200. Kasi ya kuanzia ni mara mbili ya kimo ukigawa kwa muda: 192 kwa 0.4, unapata 480. Basi. Hesabu ya kidato niliyokuwa naiona haina kazi duniani imemaliza wiki yangu ya kubahatisha kwa dakika moja.

Halafu nikamwita yule yule mdogo wangu. Safari hii nilijiwekea sharti la kufunga mdomo. Hakuna kumwelekeza, hakuna "hapo ruka." Nikawasha kifaa nilichokiandika cha kurekodi kila kitufe na fremu kilipobonyezwa.

Alianguka kwenye shimo la kwanza mara 11. Ya kumi na moja akanigeukia: "Kitufe chako kibovu. Nabonyeza, haruki."

Nikasema moyoni, huyu hajui kucheza. Usiku nikafungua rekodi nimuumbue. Kweli, karibu kila mara alibonyeza amechelewa: mhusika alikuwa ameshaacha ukingo fremu tatu, fremu nne, mara moja fremu tano. Fremu tano ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kodi yangu ilisema ukiwa hewani huwezi kuruka, na alikuwa hewani. Kompyuta ilikuwa sahihi. Nilikuwa na ushahidi, namba zote zimepangwa kwenye jedwali.

Nikakaa nikiliangalia lile jedwali. Kwenye mfumo wa stoo, mtu akiingiza namba isiyo sahihi unamwandikia ujumbe mwekundu kwamba amekosea, na umefanya kazi yako. Hapa mtu anaona mguu wake uko ukingoni, anabonyeza, mimi namwambia hapana. Ananichukia, anafunga gemu, na haki yangu nabaki nayo mwenyewe.

Nikaongeza mistari minne. Ukishaacha ukingo una fremu 6 ambazo bado utaruhusiwa kuruka. Baadaye nikakuta watengenezaji wengi wazuri wanafanya hivyo na lina jina lake, mimi kwenye kodi yangu nililiita mudaWaHuruma na hadi leo naliita hivyo. Nikaongeza na ndugu yake: ukibonyeza kabla kidogo ya kutua, gemu linakumbuka na kukurusha mara tu mguu unapogusa chini. Na ukiachia kitufe mapema, mruko unakatwa mfupi.

Kesho yake nikamwita bila kumwambia chochote. Alivuka shimo mara ya pili. Akacheza dakika 20. Akasema, "Umebadilisha kitufe eeh?"

#9 Fundi wa Zamani

Hapa umenipata, mdogo wangu. Nimeandika kodi za mitambo miaka mingi, sijawahi kudanganya mashine ili kumpendeza mtumiaji.

Niongeze jambo kwa wanaosoma. Celeste la 2018, ambalo watu wa fani wanalisifu kwa mruko wake, watengenezaji waliiweka wazi kodi ya mhusika mkuu. Ni faili moja lenye mistari zaidi ya 5,000. Faili moja! Na VVVVVV la Terry Cavanagh, kodi ilipotolewa Januari 2020, watu walikuta orodha moja ndefu ya masharti, mamia yamepangwa chini kwa chini. Kijana wa chuo angefelishwa kwa kazi hiyo. Niliposoma nilicheka, halafu nikanyamaza.

#10 Mleta uzi

Ahsante kaka, na hilo ndilo lililonikomboa. Sisemi kodi chafu ni nzuri. Nasema kwenye magemu hujui unachotaka mpaka ukiguse, na ukikijenga kwa zege kabla hujakigusa, utaogopa kukibomoa. Mimi siku hizi wiki ya kwanza naandika ovyo kwa makusudi. Kikiwa kitamu ndipo nasafisha.

Na hilo Celeste lilizaliwaje? Watu wawili, siku nne, kwenye PICO-8, mashine ya magemu ya kubuni inayoishi ndani ya kompyuta, ambayo skrini yake ni pikseli 128 kwa 128 na rangi 16. Toleo kubwa lilikuja baadaye. Ndipo ninaposema nendeni kwenye jemu, yale mashindano ya kutengeneza gemu kwa muda mfupi. Ludum Dare ipo tangu 2002, Global Game Jam tangu 2009, na mapya madogo yanaanzishwa kila wiki kule kwenye tovuti ya itch.io. Kwenye jemu yangu ya kwanza ya saa 48 nilipanga leveli 12, maadui wanne na bosi wa mwisho. Saa ya 30 nilikuwa na leveli mbili na adui mmoja anayetembea kinyumenyume. Nikafuta kila kitu kilichobaki kwenye karatasi, nikatumia saa zilizosalia kuzing'arisha hizo leveli mbili. Adui wa kinyumenyume nikamwacha, ndiye watu waliyemsifu kwenye maoni.

#11 Kibodi Mbovu

Na hesabu mkuu? Mimi shule tuliachana kwa ubaya.

#12 Mleta uzi

Vekta, yaani mshale wenye mwelekeo na urefu. Ukizijua vekta umeshavuka sehemu kubwa. Mfano: mhusika akienda kulia na juu kwa pamoja, ukijumlisha tu kasi mbili atakwenda mara 1.41 ya kawaida, na wachezaji watagundua kabla yako kwamba kutembea mshazari ndiyo njia ya mkato. Inabidi urefu wa vekta uurudishe kuwa moja kwanza. Mlinzi anakuona au hakuoni? Zidisha mwelekeo anaotazama kwa mwelekeo ulipo wewe, yaani zao nukta, jibu likiwa chanya uko mbele yake, hasi uko mgongoni. Sini na kosini utazipenda zenyewe siku utakapotaka sarafu ielee juu na chini. Usisome kitabu kizima kwanza, chukua hesabu siku gemu linapoidai.

#13 Mpita Njia

Story nzuri ila tuache kudanganyana. Hela iko wapi? Humu kila mtu anamtaja yule wa gemu la Stardew Valley halafu anaacha kazi.

#14 Mleta uzi

Mkuu swali la haki, na sitakupaka mafuta.

Eric Barone wa Stardew Valley ni kweli alifanya peke yake, kodi, picha, muziki, hadithi. Wanachosahau kusimulia ni kwamba alikuwa na digrii ya kompyuta, alianza mradi ule ili kunoa mkono atafute kazi, na ukamchukua karibu miaka minne na nusu hadi Februari 2016, huku mwenzi wake akibeba sehemu kubwa ya matumizi. Kila anayetaka kuacha kazi ajiulize nani atambeba miaka hiyo.

Upande wa ajira nako si shwari. Januari 2024 Microsoft walipunguza watu 1,900 kwenye kitengo cha magemu, mwezi uliofuata Sony wakapunguza kama 900. Hao ni watu wenye uzoefu, na wako sokoni pamoja na wewe.

Mimi sikuacha kazi. Niliandika gemu jioni na wikiendi kwa karibu miaka miwili, ikiwemo ile miezi 14 niliyoitupa. Nilipokuwa na magemu matano madogo yaliyokwisha, ukurasa mmoja, yote yanachezeka kwenye kivinjari bila kupakua kitu, nikaanza kutuma maombi. Majibu mengi yalikuwa ukimya. Kampuni moja walinipa jaribio la siku tatu bila malipo, nikakabidhi, sikusikia tena. Nyingine, ndogo, watu tisa, yule aliyenihoji hakuniuliza swali lolote kuhusu injini yangu ya C++ niliyoiandika kwa herufi nene juu kabisa ya wasifu. Alifungua lile gemu la miraba, akacheza dakika sita kimya, nikawa natokwa jasho. Akauliza, "Hizi fremu za ziada pembeni mwa jukwaa ulizitoa wapi?" Nikamsimulia mdogo wangu na shimo lake. Mahojiano yaliishia hapo.

Na mjue ninachofanya huko. Sirushi wahusika. Naandika vifaa vya ndani vinavyomwezesha mpangaji wa leveli kusogeza milango bila kumwita programa, na mfumo wa kuhifadhi mchezo. Ukiangalia vizuri ni stoo na ankara zile zile, zimevaa nguo nyingine. Mshahara wa mwanzo ulikuwa chini ya ule wa ofisini. Wiki za mwisho kabla ya kutoa gemu tulikesha, na sikupenda.

Gemu langu mwenyewe naendelea nalo Jumamosi.

#15 Pikseli Moja Moja

Kaka umesema yanachezeka kwenye kivinjari. Weka kiungo basi tulicheze hilo la miraba, tusiishie kusimuliwa.

#16 Mleta uzi

Nimeweka kwenye wasifu wangu wa humu, dada. La miraba liko la tatu. La pili ni nyoka, la kwanza ni Pong, hiyo niliiongezea na sehemu ndogo ambapo mpira unaanguka kwa uzito na unaudundisha usiguse chini. Msinicheke.

#17 Pikseli Moja Moja

Nimecheza la miraba hadi mwisho, yule wa bluu natamani nimchoree macho. Ila hiyo Pong ya kudundisha ina shida. Nilikuwa na alama 31, nikahamia ukurasa mwingine wa kivinjari kujibu ujumbe, niliporudi mpira umeshapita sakafuni na gemu halijui kama nimeshindwa. Uko huko chini unaendelea kuanguka hadi sasa.

#18 Mleta uzi

Dah.

Dada, ulikaa huko kama sekunde ngapi?

#19 Pikseli Moja Moja

Arobaini hivi.

#20 Mleta uzi

Basi nimelijua. Ukihama ukurasa, kivinjari kinasimamisha mzunguko. Ukirudi, kodi yangu inapima muda tangu fremu iliyotangulia, inakuta sekunde 40, inazidisha kwa kasi, na mpira unarushwa hatua moja kubwa kuvuka sakafu. Kwenye vibao niliigawa safari vipande vidogo, sakafu niliiongeza baadaye nikasahau. Ni lile lile la bandiko namba 4, nililowaeleza kwa mbwembwe zote.

Nimeweka kikomo: delta taimu isizidi sekunde 0.05 hata uende ukalale urudi. Na sakafu nayo imepitia vipande vile vile. Onyesha upya ukurasa ujaribu.

#21 Pikseli Moja Moja

Nimejaribu mara tatu, nimekaa huko hadi dakika mbili. Mpira unanisubiri juu pale pale. Alama zangu 31 lakini zimeenda.

#22 Mleta uzi

Hifadhi ya mchezo sikuiweka humo. Na ndiyo kazi ninayolipwa.